Chupa ya Mdomo wa Mto

Chini ya jua hili hajazaliwa mwoshaji wa chupa wa kunishinda mimi. Nasema bila kupepesa jicho. Kweli, katika ile maabara ya maji mwoshaji nilikuwa mimi peke yangu, wa pili hakuwepo wala wa tatu, lakini ushindi ni ushindi.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vitatu na choo kisichofungika. Chumba cha kwanza cha makaratasi, cha pili cha mashine, cha tatu changu: sinki mbili, kamba ya kuanikia, na dirisha linaloitazama bahari. Juu ya sinki palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa, utadhani waosha chupa wote ni vipofu: SABUNI MARUFUKU. Mimi shule niliishia darasa la saba, ila maneno mawili hayo ningeyasoma hata nikiwa la pili.

Siku ya kwanza nilidhani wananitania. Uoshe chombo bila sabuni, kwani kimekukosea nini? Mkuu wa maabara akanikalisha kitako. Alikuwa mdogo kuliko binti yangu, mwembamba kama sindano, na mdomo wake haukujua kusema "kidogo" wala "nyingi". Ukimuuliza umelalaje, anakujibu saa sita na robo. Tulimwita Mama Kipimo, naye alijua, wala hakununa.

"Bibi," akaniambia, "sisi hapa tunatafuta chakula ndani ya maji. Mbolea ya mashambani ikisombwa na mvua inashuka mtoni, mto unaimwaga baharini. Kile ni chakula cha mimea. Sasa na sabuni ya unga ina chakula hicho hicho. Ikibaki chembe kwenye chupa, mashine itasema bahari imechafuka, kumbe ni mkono wako."

"Na chakula kina ubaya gani, mwanangu? Mimi nikikiona nakikaribisha."

"Matumbawe hayakitaki. Yamezoea maji meupe, yenye njaa. Ukimwaga chakula, anayeshiba ni ukoga. Unaota juu yake, unayaziba, mwanga hayaupati tena. Yanakufa yamesimama pale pale."

Nikamkumbuka marehemu mume wangu. Naye alikuwa mtu mwema sana mpaka alipoanza kushiba.

Basi nikafundishwa. Chupa inalazwa kwenye asidi nyepesi usiku kucha, asubuhi inasuuzwa kwa maji safi ya mashine mara tatu, inaning'inizwa kichwa chini kama popo. Chupa zilikuwa sita, za plastiki, zimekwaruzika na kufifia kwa utu uzima, na kila moja ilikuwa na kituo chake baharini isichokibadilisha. Namba moja gatini. Namba mbili na nne pande mbili za mwamba. Namba tano na sita nje, kwenye maji makuu. Namba tatu ilikuwa ya mdomo wa mto, pale maji ya kunywa na maji ya chumvi yanapokutana na kutoelewana.

Ndani ya mwamba huo, hatua chache kutoka mdomo wa mto, ndipo binti yangu alipokuwa analima. Ndiyo, analima baharini. Anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba anazifunga kwenye vigingi, maji yakijaa na kupwa mwani unanenepa. Alianza na kamba nne, akafika arobaini. Msije mkadhani ni kazi ya kuchezea maji. Mgongo wake umezeeka kuliko wangu.

Mwaka ule akaanza kuja kwangu na maneno yasiyonipendeza.

"Mama, kamba zinaota manyoya."

"Manyoya gani tena?"

"Ya kijani. Yanateleza. Nayapangusa leo, kesho yamerudi. Mwani unakatika mkononi kama uzi uliooza."

Siku nyingine akaniambia jambo lililonikosesha raha. Akizamisha kichwa pale mwambani tangu utotoni, alizoea kusikia ile sauti: chep, chep, chep, kama mafuta kwenye kikaango. Ni wadudu na uduvi waishio matumbaweni, hawanyamazi mchana wala usiku.

"Sasa hivi kimya, Mama. Nimezamisha kichwa mara tatu. Kimya kama nyumba iliyohamwa."

Nikamtania kwamba huenda yamemwingia maji masikioni. Akanitazama tu. Binti yangu huwa anacheka hata nisipochekesha, ni malezi mazuri. Siku hiyo hakucheka.

Huko juu mlimani, unapotoka mto, kulikuwa na shamba kubwa. Msimamizi wake alikuwa bwana mmoja mpole, ana viatu visivyoshika vumbi. Sijui alikuwa anatembea hewani? Basi tukamwita Viatu. Shamba liliomba kibali cha kuchimba mtaro mpya utakaotoa maji yake moja kwa moja hadi mdomo wa mto, ndani ya mwamba, juu ya kamba za binti yangu. Ofisi ya vibali ikasema: maji yapimwe miezi sita. Namba tatu ikivuka mstari mwekundu wa kiwango kinachoruhusiwa hata mara moja, mtaro hakuna. Isipovuka, chimbeni.

Miezi mitano ikapita. Namba tatu haikuvuka, haikukaribia, wala haikuutazama huo mstari.

Binti yangu akaja mpaka chumbani kwangu, miguu ina mchanga. "Mama, nyie mnapima bahari gani?"

Swali hilo lilinikaa. Nikamwendea mchukua sampuli. Huyu tulimwita Paka, kwa sababu alifanya kazi baharini na alichukia kulowa kuliko kitu chochote duniani.

"Paka, wewe huwa unakwenda lini kuteka?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Bibi. Ndiyo kanuni."

"Na mvua ikinyesha?"

"Naahirisha siku tatu, maji yatulie. Ni kanuni pia." Akajikuna shingo. "Hiyo nimeisoma mara mbili kuhakikisha."

Nikaduwaa. Yaani uchafu unashuka na mvua, na sisi tunasubiri mvua ikatike, maji yatulie, ukoga ule ushibe, ujifute mdomo, halafu ndipo tunakwenda kuuliza: jamani, kuna chakula hapa? Ni sawa na kumvizia mwizi siku ya tatu, mlango wa mbele, kwa kubisha hodi.

Nilimweleza Mama Kipimo. Akasema kanuni iliwekwa na ofisi, vipimo vya nje ya kanuni havihesabiki. Akasema kwa upole, lakini alisema.

Jumanne ya wiki ile mvua ikashuka mlimani. Kwetu pwani yalifika matone machache tu, ya kulowesha nguo za watu wavivu wa kuanua. Lakini Jumatano asubuhi binti yangu akaja mbio.

"Njoo uone. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Na yana povu, Mama, la kahawia, limejipanga pembeni ya mwamba kama pindo la shuka."

Mimi ni mtu mzima, natakiwa niwe na busara. Nikachukua chupa namba tatu kambani, nikamtumbukizia kwenye kikapu.

"Nenda kajaze. Usimwambie mtu."

"Si utafukuzwa kazi?"

"Wakinifukuza, chupa ataosha nani? Paka?"

Akaileta imejaa. Nikaiweka dirishani, nyuma ya pazia, juani. Pembeni yake nikaweka gilasi ya maji ya nje ya mwamba, masalio ya mwezi uliopita. Nikasema nione. Sikuwa na mashine, nilikuwa na macho mawili, na moja lina mtoto wa jicho.

Alhamisi tope likatuama, maji yakaonekana masafi kabisa, nikajiona mjinga. Ijumaa kukawa na rangi fulani, kama mtu aliyepatwa na kichefuchefu. Jumamosi rangi ikawa kijani. Jumatatu nilipofungua pazia nilirudi nyuma hatua moja. Ndani ya chupa kulikuwa na manyoya. Yalishika kuta, yakapanda mpaka shingoni, yakaning'inia kutoka juu kama yanatafuta mlango. Na gilasi ya maji ya nje imetulia pale pale, nyeupe, haina habari.

Nimezaa, nimezika, nimelala nyumba moja na mama mkwe miaka kumi na moja. Siogopi upesi. Ile chupa niliiogopa.

Nikaipeleka kwa Mama Kipimo, nimefunika namba kwa dole gumba.

"Mwanangu, hii ni maji ya mdomo wa mto baada ya mvua. Siku tano tu."

Akaishika shingo, akainyanyua kwenye mwanga. Akapima kwa vidole ukoga ulipofika.

"Chupa hii umeitoa wapi?"

"Ya zamani hiyo. Kuukuu. Nilikuwa naiwekea maua."

Akanirudishia. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, safari hii hata kwetu, nzito. Akatoka mlangoni akaita: "Paka! Leo unakwenda. Sasa hivi."

"Mama Kipimo, si inanyesha?"

"Ndiyo maana unakwenda. Leo si Jumatatu ya kwanza ya mwezi? Kanuni imesema Jumatatu. Hiyo ya kuahirisha imeandikwa 'inaweza', haikuandikwa 'lazima'. Mimi pia nimeisoma mara mbili." Akanigeukia. "Bibi, chupa sita mezani, dakika kumi. Mvua ikikatika tumepitwa."

Chupa sita. Tano zilikuwa kambani, ya sita ilikuwa mkononi mwangu ina manyoya.

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ningesema, mwanangu, namba tatu ndiyo hii, nimeiiba, nimekudanganya. Lakini ulimi wangu, unaokesha ukisema visivyoulizwa, siku ile ukalala fofofo. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Nikaimwaga. Nikatia asidi, nikatikisa. Ukoga haukubanduka. Nikatia brashi, ukasogea upande mmoja, ukajikunja, ukabaki. Asidi inataka usiku kucha, mimi nilikuwa na dakika saba. Ningeiacha vile, ukoga wenyewe ungeyaharibu maji ya binti yangu kabla hayajafika kwenye mashine. Nikasikia Paka anavaa koti la mvua huku analalamika.

Chini ya sinki kulikuwa na kikopo changu cha sabuni ya unga, ya kufulia matambara. Nikachota kidogo, cha kushika kwa vidole viwili. Nikasugua.

Jamani, ilitakata! Kuta, shingo, mpaka mkunjo wa kifuniko. Nikaisuuza kwa maji safi ya mashine. Kanuni inasema mara tatu, mimi nilisuuza mara kumi na moja, nikihesabu kwa sauti, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaipangusa kwa nje. Nikaipanga mezani katikati ya wenzake.

Brashi nikaitundika msumarini pake. Brashi sikuisuuza.

Paka alirudi amelowa mpaka kwenye nia. Namba tatu ilikuwa imejaa chai ya maziwa. Mama Kipimo akaingia chumba cha mashine, akatoka na karatasi, akaisoma kwa sauti. Gati, sawa. Nje, sawa. Mbili na nne zimepanda, ila zimebaki chini ya mstari kwa unywele. Namba tatu imeuzidi mstari mara tisa.

"Mara tisa nukta mbili," akasema.

Binti yangu nilipomwambia jioni alikaa chini akalia. "Wameona. Basi wameona, Mama." Nikamshika mgongo, nikasema ndiyo, wameona. Kichwani mwangu kuna kitu kilikuwa kinahesabu: kati ya hizo mara tisa, ngapi ni za mto na ngapi ni za vidole vyangu viwili? Huenda sabuni iliondoka yote ile mara ya kumi na moja. Huenda ilibaki. Nililiuliza swali hilo kila upande niliolalia.

Ijumaa wakaja. Ofisa wa vibali, mtu mnene mwenye mkoba mwembamba, na Viatu. Tulikuwa tumeanza kuwa na mvua za kila siku. Viatu alitoka mlimani kwa barabara ya matope, na viatu vyake vikang'aa vile vile. Nilipomwona nikajua huyu ni mtu anayejua habari za usafi.

Wakakaa chumba cha makaratasi, mlango wazi. Chupa sita zilipangwa juu ya sinia na masalio ya maji ndani yake, kwa ushahidi. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje, amekuja kusikia mwenyewe. Ofisa akasoma karatasi, akatikisa kichwa.

"Mimi naona limeisha. Imevuka. Kibali hakuna."

"Hapana neno," akasema Viatu, kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai. "Sheria ni sheria. Miezi mitano haijavuka, huu wa sita imeuzidi mstari mara tisa, basi. Mbili na nne, majirani zake, hazikuvuka. Nauliza tu, nijifunze. Chupa hizi huoshwa na nani?"

Nikaitwa. Nikafuta mikono, nikaingia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibuni. Msikanyage hapo pamelowa, mtatuharibia viatu."

Akatabasamu. "Bibi, chupa zote sita ni za umri mmoja?"

"Pacha. Mama mmoja, baba sikumjua."

Ofisa akacheka. Viatu hakucheka. Akaichukua namba tatu, akaigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, maji ya kahawia yakalala upande mmoja. Kisha akaichukua namba mbili, akaziweka pamoja.

"Basi mbona huyu pacha anang'aa kuliko wenzake?"

Nikatazama. Na kweli. Wale watano walikuwa na ule weupe wa asidi, weupe wa macho ya mzee. Namba tatu ilikuwa inameremeta kama bibi harusi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa mwoshaji mbaya.

"Ya mdomo wa mto hiyo," nikasema. "Huwa naipa heshima zaidi."

"Heshima ya nini, Bibi? Ya sabuni?"

Mama Kipimo akanyoosha shingo. "Hapa hatutumii sabuni. Imeandikwa ukutani."

"Nimeiona. Namuuliza Bibi."

Nje, benchi likalia. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ananitazama vile alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, nikimwambia dawa si chungu.

"Asidi na maji safi," nikasema. "Tangu nimeingia hapa, sabuni na chupa zangu hazijawahi hata kusalimiana."

"Unaapa?"

"Naapa kwa macho yangu yote mawili." Lile moja, nilivyosema, lina mtoto wa jicho, lakini niliyahesabu yote.

Mama Kipimo akashusha pumzi. Akanishika bega, mbele ya watu, yeye ambaye hamshiki mtu. "Bibi ndiye mtu ninayemwamini kuliko wote humu ndani," akamwambia ofisa. "Mia kwa mia."

Ofisa akafungua kalamu. Viatu akainuka, akaomba radhi, akaenda chumbani kwangu kama mtu anayetafuta choo. Akarudi ameshika brashi.

"Hii ndiyo unayosugulia?"

Nikatazama dirishani. Mvua ilikuwa inapiga bati, na huko nyuma yake nilisikia mto.

Akaomba gilasi ya maji safi. Mama Kipimo mwenyewe ndiye aliyemletea, ameijaza nusu, akaiweka mezani kwa mkono wa mtu asiye na wasiwasi. Viatu akatumbukiza brashi. Akaizungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, polepole, bila papara. Akaitoa.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha likapanda tone moja jeupe, likavimba, likakaa juu ya maji. Likaja la pili. Likaja kundi zima, likajipanga pembeni ya gilasi kama pindo la shuka.

Mama Kipimo aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa gilasi, na mkono wake ukatoka begani mwangu.

"Bibi," akasema. "Hili ni nini?"

Binti yangu alikuwa bado mlangoni.

"Ni mate ya brashi, mwanangu," nikasema, na nikasubiri wacheke.